Kabla mtoto achague chuo cha uinjinia, nendeni mkaone karakana

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee na wazazi wenzangu, hasa wale wako na mtoto amemaliza kidato cha nne na anataka kusomea uinjinia, juu naona makosa niliyofanya na kifungua mimba wangu yanataka kurudiwa hapa mtaani kwetu na watu wazuri tu, watu wanapenda watoto wao na wako tayari kuuza hata shamba, lakini hakuna mtu amewahi kuwaambia ni nini wanafaa kuuliza.

Mimi ni fundi wa stima. Nimefanya wairing kwa mijengo kuanzia Dandora mpaka Kilimani, zaidi ya miaka 20 sasa, na kwa hiyo miaka yote nimekuwa chini ya mainjinia wa kila aina. Kuna yule akiingia saiti anashika ukuta, anauliza waya umepitia wapi, anapanda ngazi mwenyewe na kufungua bodi ya breka aone kama umekaza skrubu. Na kuna yule anasimama kwa geti na kofia safi, anangoja umwambie kila kitu kiko sawa ndio aweke sahihi. Wote wako na digrii. Wakati jengo la ghorofa liliporomoka pale Huruma, Aprili 2016, watu zaidi ya 40 wakafa, nilienda nikasimama kando ya ule mto na mafundi wengine na hakuna aliyeweza kuongea, na tangu siku hiyo mambo ya nani anasomea wapi hizi kazi zetu za mjengo hayajawahi kuwa mzaha kwangu.

Sasa matokeo yalipotoka, binti yangu akapata A-, Hesabu na Fizikia amefanya vizuri sana, Kemia ikamvuta chini kidogo. Huyu binti mimi namwita mama, maana amechukua jina la mama yangu mzazi. Tangu darasa la sita ananifuata saiti siku za likizo, anajua kushika testa kuliko vijana wengine nimewahi kuajiri. Akasema anataka uinjinia wa umeme na hapo ndipo nyumba ikageuka korti. Mjomba wake akasema Nairobi Yunivasiti peke yake, hiyo ndio digrii ukitaja watu wanasimama. Mama yake akataka Juja, JKUAT, sababu mtoto anaweza kuja nyumbani wikendi. Mwalimu wa kwaya akasema watoto wa Kimathi, Nyeri, wametulia, hakuna mambo mingi ya mji. Jirani naye akasema yote ni sawa, bora digrii. Nilikaa nikawasikiliza wote jioni nzima nikagundua hakuna hata mmoja alitaja kozi yenyewe, ati itafundishwaje, na nani, kwa mashine gani. Tulikuwa tunachagua jina la geti.

Na hayo majina ukiyachimba kidogo utaona kitu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua milango 1956 kikiitwa Royal Technical College, yaani chuo cha ufundi, na jina la chuo kikuu kamili kikapata 1970. JKUAT ilianza 1981 kwa msaada wa Wajapani ikiwa chuo cha kati, ikafika kuwa chuo kikuu 1994. Hii tunaita Technical University of Kenya, pale chini mjini, wazee wenzangu wanaijua kama Kenya Poly ya 1961. Ya Mombasa mizizi yake ni ya miaka ya 1940, chuo cha kufundisha vijana Waislamu ufundi. Kimathi ilianzishwa 1972 na michango ya wananchi wa Nyeri, harambee kabisa, watu wa kahawa wakitaka vijana wao wajue kazi za mikono. Yaani hivi vyuo tunavyovigombania vyote vilianzia karakana! Halafu sisi wazazi tunaenda kuchagua kana kwamba karakana haiko.

Wacha niseme ya kifungua mimba wangu, ingawa hata yeye mwenyewe hapendi nikiyasema. Yeye alienda chuo ambacho sitakitaja, kozi ilikuwa na jina refu, tamu, lina neno uhandisi ndani yake, na kwa barua ya kuitwa kulikuwa na nembo na kila kitu. Tukachinja mbuzi. Akasoma miaka 5, mimi nikilipa kidogokidogo, na ni mwaka wa nne ndio rafiki yake alimwambia ati kozi yao Bodi ya Wahandisi haijaitambua. Tulidhani ni uvumi. Alipomaliza akapeleka makaratasi asajiliwe kama injinia mhitimu, akarudishwa. Zaidi ya miaka miwili ameenda kwa ofisi hii na ile, chuo kinasema ongea na Bodi, Bodi wanasema ongea na chuo. Leo anafanya kazi na kampuni ya sola, analipwa kama fundi, anachora michoro mizuri na mtu mwingine anaweka sahihi. Usiku mwingine namsikia amekaa sebuleni na taa imezimwa. Mimi ndiye nilimwambia achague pale, sababu palikuwa na nafasi na mtu fulani kazini alisema ni pazuri.

Kitu sikujua wakati huo, na ambacho kila mzazi anafaa kujua kabla hata ya kununua bando ya kuingia kwa potali ya KUCCPS, ile tovuti ya serikali ya kuchagulia kozi za chuo, ni hiki. Kenya kuna Sheria ya Wahandisi ya 2011, na hiyo sheria ndiyo ilileta hii Bodi, EBK, ikachukua nafasi ya ile bodi ya zamani. Mtoto akimaliza digrii anasajiliwa kwanza kama injinia mhitimu, halafu anafanya kazi chini ya wakubwa si chini ya miaka 3, anahojiwa, ndio anakuwa injinia kamili wa kuweka sahihi kwa michoro. Bila huo usajili ukijiita injinia na kufanya kazi hiyo unavunja sheria, hata kama digrii yako inang'aa ukutani. Na Bodi haitambui chuo, inatambua kozi. Soma hapo tena tafadhali. Chuo kimoja kinaweza kuwa na uinjinia wa umeme umetambuliwa, na kwa jengo la pili kozi nyingine mpya ya uinjinia bado haijatambuliwa, na barua za kuita wanafunzi zinatoka ofisi moja. Orodha ya kozi zilizotambuliwa Bodi wanaiweka wazi kwa tovuti yao, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuisoma, na kusema ukweli hiyo ingenichukua dakika 10 wakati ule.

Mvutano wa nani ana mamlaka ya kukagua hizi kozi, kati ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na hizi bodi za taaluma, umekuwa mrefu na umefika kortini mara nyingi. Wahitimu zaidi ya 100 wa uhandisi waliokataliwa kusajiliwa walienda mpaka Mahakama ya Juu kabisa, kesi ikaamuliwa 2018. Hebu fikiria hiyo, kijana amesoma Hesabu ngumu miaka 5 halafu ujana wake unaishia kwa korido za korti akingojea majaji waseme kama yeye ni injinia ama si injinia. Mimi si wakili, wacha wakubwa wabishane huko juu, lakini mtoto wangu wa pili hatakuwa nyasi wanapopigana.

Kitu kingine kinachanganya wazazi sana ni majina ya kozi. Kuna Uhandisi na kuna Teknolojia ya Uhandisi, na kwa potali zinakaa karibu sana mpaka mtu akiwa na haraka ataona ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Ile ya kwanza kwetu hapa kawaida ni miaka 5 na inaenda kwa EBK. Hii nyingine mara nyingi ni miaka 4 na watu wake wako na bodi yao, KETRB, chini ya sheria yao ya 2016. Sisemi ya pili ni mbaya, hapana, nimefanya kazi na wanateknolojia wazuri kuliko hao mainjinia wa kofia safi, na kama mtoto anapenda kushika mitambo kuliko kukaa na hesabu za usanifu inaweza kumfaa zaidi. Lakini achague akijua. Jirani yangu mmoja aligundua tofauti wakati mtoto alikuwa mwaka wa tatu, tena amegundua kwa mazishi, akiongea tu na mtu wamekaa naye benchi moja.

Basi safari hii nikasema hapana, tutaenda wenyewe. Nikamwambia binti yangu, mama, vaa viatu vya kutembea. Nikachukua siku nne bila kazi, na fundi siku nne bila kazi mnajua maana yake, tukaanza kuzunguka. Tukaenda hapa mjini, tukapanda gari za Thika Road, siku nyingine tukapanda gari pale Tea Room alfajiri twende mbali. Sitasema ni wapi niliona nini, maana siku moja haitoshi kuhukumu chuo na sitaki kuharibia mtu jina, lakini nitasema niliyoyaona.

Karakana ya kwanza walitufungulia vizuri, mashine nyingi, leithi, yaani mashine za kukereza chuma, zimepangwa mstari, rangi bado ni ile ya kiwandani. Binti yangu akashika mdomo. Mimi nikainama nikaangalia chini. Sakafu safi kama ya kanisa. Hakuna unyoya wa chuma hata mmoja, hakuna doa la oili, vaisi zote kwa meza hazina alama ya nyundo, meno bado makali. Fundi yeyote anajua karakana inayofanya kazi huwezi kuiosha ikatoka hivyo, chuma kikikerezwa kinaruka kinaingia kila pembe, oili inakula simiti mpaka inakuwa nyeusi na haitoki tena. Nikauliza kijana wa mwaka wa tatu aliyekuwa anatuzungusha, kijana yangu hii umewahi kuiwasha wewe mwenyewe? Akanyamaza kidogo halafu akasema wanakuwanga karibu 60 kwa kundi, mtaalamu anawasha, wao wanasimama wanaangalia, halafu wanaenda kuandika ripoti. Ripoti ya kitu hujashika. Sikumlaumu huyo kijana, yeye alikuwa mkweli na macho yake yalikuwa na huzuni.

Pahali pengine karakana ilikuwa imefungwa, mwenye ufunguo ameenda mjini, hakuna anayejua atarudi saa ngapi. Tukangoja masaa matatu mazima chini ya mti. Ilikuwa siku ya wiki, tena mhula unaendelea.

Na pahali pengine tulifika bila hata kupiga simu, jengo ni la kitambo, bati la karakana linavuja upande mmoja na wameweka ndoo. Mashine ni za zamani, moja mkanda wake umeungwa, ingine mpini wake umetengenezwa na kipande cha bomba. Lakini ile sakafu! Nyeusi tititi. Kwa mlango kuna karatasi imebandikwa ina majina ya wanafunzi, nani yuko mashine gani saa ngapi, na imejaa mpaka jioni. Kuna mzee amevaa dastikoti, fundi wa karakana, alikuwa anamgombeza kijana kwa kuingia bila miwani ya kukinga macho, na alimgombeza vile baba anagombeza mtoto wake. Upande wa umeme wanafunzi wawili walikuwa wamefungua mota wanairudishia koili, mmoja msichana, mikono imejaa vanishi. Binti yangu akaenda akasimama karibu nao na kabla nijue amepiga magoti pale chini anawashikia tochi. Nikatoka nje nikasimama peke yangu kidogo.

Sitaki mtu aseme ati vifaa vipya ni vibaya. Nataka vipya viletwe kila mahali, na viguswe. Mashine mpya ambayo mwanafunzi haruhusiwi kuishika kwa hofu ataiharibu, hiyo ni kama nguo ya dukani kwa kioo. Chuo kinunue, kiajiri mafundi wa maabara wa kutosha, maana mhadhiri peke yake hawezi kusimamia vijana 60 na mashine zinazoweza kukata kidole. Nimeona tukiulizana idadi ya maprofesa na hakuna anayeuliza idadi ya mafundi wa maabara.

Kwa hivyo mzazi ukienda, angalia sakafu. Halafu uliza wanafunzi wenyewe, usiulize ofisini, waulize wale wa mwaka wa tatu na wa nne wamekaa nje wanakunywa chai. Waulize ni mwaka gani walishika mota mara ya kwanza kwa mikono yao, waulize kwa mashine moja wanakuwa wangapi, waulize atachimenti, yaani mazoezi ya kazi kwa kampuni, ya mwaka jana walienda wapi na kama ni chuo kiliwasaidia kupata ama kila mtu alizunguka na barua peke yake. Waombe wakuonyeshe mradi wa mwaka wa mwisho wa mtu aliyewatangulia, kama uko umewekwa mahali ama ulitupwa. Na uliza kama kuna muhula umewahi kurudi nyuma sababu ya mgomo wa wahadhiri, na walifidiwa aje hiyo muda, juu miaka 5 inaweza kugeuka 6 na wewe ulikuwa umepanga pesa ya 5.

Binti yangu naye alikuwa na maswali yake ambayo mimi sikuwa nimefikiria hata kidogo. Aliwavuta wasichana kando akawauliza wako wangapi kwa darasa, hosteli iko ndani ama nje ya geti, na maabara ya jioni inaisha saa ngapi na wanarudi wakipitia wapi. Mahali pamoja wakamwambia wanatoka saa mbili usiku na wanatembea barabara haina taa mpaka nyumba za kupanga. Kwa kila kitu tulichoandika kwa daftari hiyo ndiyo nilipigia mstari mara mbili. Kumbe mtoto anajua maisha yake kuliko sisi.

Kuhusu atachimenti, wale wako karibu na Nairobi wako na nafuu fulani ya kweli. Kampuni nyingi ziko Industrial Area, ziko Thika Road, na mwanafunzi anaweza kuzunguka nazo zote bila kulala safarini. Mwanafunzi wa mbali akipata nafasi hapa mjini lazima atafute kwa kulala miezi mitatu na mara nyingi atachimenti hailipi kitu. Lakini pia angalia mtoto anataka kuelekea wapi. Binti yangu anapenda sana habari za mvuke wa ardhini, za kule Olkaria ambako kituo cha kwanza kiliwashwa 1981, na Kimathi wana taasisi nzima ya mambo ya mvuke huo, basi hiyo tukaiweka kwa mizani upande wake. Mwingine akipenda satelaiti atakumbuka kwamba ile ndogo ya kwanza ya Kenya, iliyoachiliwa angani Mei 2018, ilikuwa kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakisaidiana na wageni. Kila chuo kina mahali pake pa nguvu.

Pesa sasa. Zamani mtoto aliyelipiwa chuo na serikali alikuwa analipa 16,000 kwa mwaka na popote akienda ni hiyo hiyo, uinjinia, historia, yote. Tangu mfumo mpya uanze 2023 kila kozi ina bei yake na kila chuo kina bei yake, kozi ya jina moja inaweza kupishana pesa nyingi sana ukivuka barabara, na uinjinia uko upande wa zile ghali. Halafu familia inawekwa kwa kundi. Vile ilipangwa, aliye kundi la kwanza familia inalipa asilimia 5 na aliye kundi la tano inalipa 40, hizo zingine ni ufadhili na mkopo wa HELB ambao mtoto atakuja kuulipa. Watu wameenda kortini kuhusu hayo makundi na mimi naunga mkono kabisa wale wanaopinga, maana fundi kama mimi mwezi huu ninazo na mwezi ujao sina, ni kompyuta gani itajua niko kundi gani? Ninachoomba mzazi afanye ni kuzidisha bei ya mwaka mara 5 kabla mtoto hajaweka kozi kwa potali, aongeze kodi ya nyumba kama hosteli hazitoshi, na aongeze vitu vya uinjinia ambavyo barua haitaji, laptopu ya kubeba hizo programu nzito za kuchora, dastikoti, viatu vya usalama, vipuri vya mradi wa mwisho. Mimi landilodi wa karibu na chuo kimoja alinitajia 7,500 kwa chumba ambacho kitanda kikiingia mlango haufunguki wote.

Mwishowe tukaenda saiba hapa stejini, tukalipa ile 1,500, tukaweka chaguo. Binti yangu akaweka ya kwanza ile ya sakafu nyeusi, kozi yake iko kwa orodha ya Bodi, tuliiangalia mara tatu, mara ya tatu kifungua mimba ndiye alitusomea, kwa sauti, jina la kozi neno kwa neno, akalinganisha na ile ya potali mpaka herufi ya mwisho. Mjomba wake bado hajafurahi. Alama zake za klasta, yaani zile zinahesabiwa kwa masomo manne kozi inaangalia, ni 41 na kitu kati ya 48 kwa hivyo hata ya kwanza si uhakika, na kama hatapata tutaenda na ya pili na tukiona haiwezekani kuna dirisha la kuhama chuo ingawa nalo linategemea alama.

Mhariri, kwa wakubwa niko na maombi mawili na nayaomba kwa heshima. KUCCPS, kwa potali yenu mnatuonyesha alama za kukata za miaka iliyopita, mnaonyesha jina la kozi na chuo. Hapo hapo, kwa mstari huo huo, wekeni kama kozi ya uinjinia imetambuliwa na Bodi ama bado, na ilikaguliwa mwaka gani, na kama bado iandikwe kwa rangi nyekundu ambayo hata mtoto wa kijijini anayetumia simu ya kuazima ataiona. Hii habari iko tayari, iko tu kwa tovuti nyingine ambayo mzazi hajui iko. Msimwachie mtoto wa miaka 18 kazi ya kuunganisha ofisi za serikali. Kijana wangu angeona hiyo rangi nyekundu leo angekuwa anaweka sahihi yake mwenyewe.

Kwa vyuo, fungueni karakana. Zile wiki potali iko wazi, tengeni hata Jumamosi mbili, wazazi na watoto waje waone, wanafunzi wenu ndio watuzungushe, msitupeleke ukumbini kusikiza hotuba. Nakumbuka 1990 nikiwa kijana, ile gari ya Nyayo ikionyeshwa, imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi na watu wa karakana za Reli, tuliambiwa imekimbia kilomita 120 kwa saa na mtaa mzima ulijazana kwa televisheni moja. Ile gari haikuendelea, najua. Lakini mimi nilianza kushika waya mwaka huo. Mtoto akiona kitu kimetengenezwa na mikono ya Mkenya kuna kitu kinawaka ndani yake, na hamuwezi kukiwasha na picha ya geti kwa kalenda.

Na kama kuna mkuu wa idara ya uhandisi anasoma hii, wa chuo chochote, hapa plotini kwetu kuna watoto wengine watatu wamepata alama nzuri na bado hawajaona leithi hata moja kwa macho yao, potali ikifunguliwa tena watakuwa wanabadilisha chaguo. Niko tayari kuwaleta Jumamosi yoyote, saa mbili asubuhi tutakuwa kwa geti, nauli nitawatafutia mimi.

Fundi wa stima,
Umoja, Nairobi